Kijana Anayekuruka Kimanga: Namna ya Kumlea Bila Kubishana Naye

Saa kumi na moja alfajiri niligonga pipa la maji kwa kifundo cha kidole, likalia tupu. Usiku wake nilikuwa nimemuuliza mwanangu kama amejaza, akanijibu bila kupepesa: "Nimejaza, mama." Mtaani kwetu Mbagala, Dar es Salaam, maji wakati huo yalikuwa ya mgao, siku mbili kwa wiki, tena usiku, ukisinzia yamekupita. Tulikuwa watu sita ndani, na hapakuwa na maji ya kuoga wala ya uji. Nilipomwamsha akasema alijaza, labda pipa linavuja. Nikamwonyesha sakafu, kavu. Akasema basi wapangaji wameyachota. Nikamfokea nusu saa nzima. Natoka kwenda kazini yeye amenuna, mimi nimechelewa, na pipa bado tupu.

Alikuwa na miaka 15, kidato cha tatu. Kila kitu kilikuwa na mtu mwingine wa kulaumiwa: mwalimu ana chuki naye, saa haikulia, mdogo wake ndiye aliyehamisha daftari. Ukimshika na ushahidi mkononi, anakuruka kimanga. Haya ninayoandika ni yale niliyoyafuata kwa zaidi ya mwaka mmoja, mengine nimeambiwa na kaka yangu, mengine na mwalimu wa malezi wa shuleni kwake. Yote yamejengwa juu ya jambo moja nililochelewa kulielewa: kijana huukana ukweli pale ambapo kuukubali kunamgharimu kuliko kuukana. Kazi yako ni kuigeuza bei hiyo. Kusema kweli kuwe nafuu, na kukwepa wajibu kuwe na gharama anayoilipa yeye mwenyewe.

Hatua ya 1: Hakikisha kwanza kwamba si maradhi

Kabla hujamwita mvivu, mpeleke akapimwe macho. Jirani yangu alimchapa mwanawe mwaka mzima kwa kutonakili kazi za ubaoni, kumbe mtoto haoni vizuri. Masikio nayo yapimwe. Kisha tazama usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala kati ya saa 8 na 10, na katika umri huu mwili wenyewe huchelewa kusinzia. Anayelala saa saba usiku akaamshwa saa kumi na moja kuwahi daladala amepata muda wa saa nne tu. Huyo hata ukimwita mara kumi hasikii, na si jeuri.

Ujue pia kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima matokeo ya jambo na kuzuia papara, huendelea kukomaa hadi mtu anapopita miaka ishirini. Hilo halimwondolei kosa. Linakueleza tu kwa nini mtoto mwenye akili nzuri darasani anaweza kukutazama kwa macho makavu na kukuambia jambo ambalo hata yeye anajua halisimami.

Mkaidi wa kawaida anakula, anacheka na wenzake, mpira haumpiti. Ukiona ameacha hata vile alivyokuwa akivipenda, halali au analala mchana kutwa, hataki kuonana na mtu, na hali hiyo imefika wiki mbili, nenda naye kituo cha afya, ueleze hivyo hivyo ulivyoona. Vivyo hivyo ukihisi bangi au pombe: macho mekundu, vitu vya nyumbani vinavyopotea, marafiki wapya asiotaka uwajue. Na akitamka kwamba anataka kufa, au kwamba asingekuwepo ingekuwa afadhali, amini maneno yake. Usimwache peke yake, ondoa nyumbani sumu ya panya na dawa zote, mfikishe hospitali siku hiyo hiyo. Tanzania kuna simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, haina malipo, na mzazi naye anaweza kuipiga. Kenya namba ni hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Acha kuuliza unalolijua

Hapa ndipo nilipobadilika mimi kabla ya yeye kubadilika.

Nilikuwa na tabia ya kumtega. Nimeshaona pipa tupu, namuuliza, "Umejaza maji?" Mwalimu ameshanipigia kwamba hakufika darasani, namuuliza, "Leo mmesoma nini?" Nilidhani nampa nafasi ya kusema kweli. Kumbe namfungulia mlango wa uongo, kisha namsubiri upande wa pili. Akishasema uongo wa kwanza inabidi aulinde kwa wa pili, mimi nashika bango, na jambo la pipa linageuka kesi ya nani mkweli na nani mwongo humu ndani. Maji yanasahauliwa.

Sema unachokijua, kwa sentensi fupi, kisha sema kinachofuata. Mimi nilijizoeza hivi:

"Nimegonga pipa, halina kitu. Dumu liko nyuma ya mlango."

"Mwalimu amenipigia, leo hukuwepo. Kesho tunaongozana mimi na wewe hadi ofisini kwake."

"Daftari la hesabu mara ya mwisho limeandikwa tarehe 4. Leo unakaa nalo mezani kabla ya chakula."

Akikana, usimfuate huko. Mwambie: "Wewe unasema hivyo, mimi nimeona hivi. Dumu liko nyuma ya mlango." Mara moja tu. Akiendelea kubisha, rudi kwenye shughuli yako. Usidai akiri. Sisi wazazi tunapenda sana kusikia "nimekosa, mama", na kwa ajili ya neno hilo tunamkaba mtoto mpaka usiku wa manane. Kinachotakiwa ni maji kwenye pipa. Kukiri kutakuja baadaye, kukija.

Siku za mwanzo hali huwa mbaya zaidi, jiandae. Mwanangu alinifuata jikoni siku tatu mfululizo akitafuta ugomvi aliouzoea: "Kwa hiyo mimi mwongo, eti? Sema basi!" Nilimjibu kwamba nampenda na kwamba dumu liko nyuma ya mlango. Siku ya nne alilichukua huku anasonya. Nikajifanya sikuusikia ule msonyo, na sijutii.

Mazungumzo marefu yatafutie mahali pengine. Kijana akiwekwa kwenye kochi, wakubwa wamemkalia mbele, hujifunga kama kobe. Wangu huzungumza tukiwa tunatembea kwenda sokoni au tunachambua mchele, macho yetu yakiwa kwenye kitu kingine. Na kamwe usimseme mbele ya wageni au wadogo zake. Masimango ya hadharani ndiyo yanayomfundisha kwamba heri akane kuliko aaibike.

Hatua ya 3: Mpe kazi moja yenye mwenyewe

"Uwe unasaidia nyumbani" si kazi. Hakuna anayejua imeanza saa ngapi na imeisha lini, kwa hiyo kila siku kuna nafasi ya kubishana kama imefanyika. Chagua moja tu, iwe na muda, na matokeo yake yaonekane kwa macho ya mtu yeyote. Yetu ilikuwa hii: mapipa mawili yajae kila usiku wa mgao, kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Pipa halina ubishi. Ama limejaa ama halijajaa. Kwingine inaweza kuwa kuku wapate maji na chakula kabla ya shule, au mbuzi wawe zizini kabla ya magharibi.

Msikilize naye katika kuchagua. Mwanangu alikataa vyombo akataka maji, akisema wenzake wakimkuta anaosha vyombo watamcheka. Mimi siamini kwamba kuosha vyombo ni kazi ya wasichana, na sasa anaosha, lakini siku ile sikutaka vita viwili kwa wakati mmoja.

Shangazi yake aliposikia akasema namtumikisha mtoto. Nikamwambia hata Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ule unaotetea watoto wetu, una kifungu cha 31 kinachotaja wajibu wa mtoto: kuulinda umoja wa familia yake, kuwaheshimu wazazi na wakubwa, na kuwasaidia wanapohitaji msaada, kwa kadiri ya umri na uwezo wake. Kujaza mapipa mawili ni ndani ya uwezo wa mvulana wa miaka 15. Kumkosesha shule ili akachote maji ya kuuza kusingekuwa ndani ya uwezo huo, wala ndani ya haki.

Hatua ya 4: Gharama ya kosa iende kwa mwenye kosa

Nilipopiga hesabu niligundua kwamba makosa yake yote nilikuwa nayalipa mimi. Asipoamka, namwamsha mara sita. Akikosa basi, namtolea nauli ya bodaboda. Asipojaza maji, natuma mdogo wake kwa jirani mwenye kisima. Yeye atauonea wapi ukweli, ikiwa kila ukimkaribia mimi nauzuia?

Husemwa kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na wazazi wengi hulitumia kama tishio. Mimi naona mama anaweza kuukaribisha ulimwengu huo mapema, kidogo kidogo, mtoto akiwa bado ana mahali pa kulala. Dumu la lita 20 kwa jirani lilikuwa shilingi 200. Tukakubaliana kwamba asipojaza, maji ya asubuhi atayanunua kwa pesa yake ya matumizi na kuyabeba mwenyewe. Wiki ya kwanza alibeba madumu manne alfajiri, shilingi 800 zikaenda, shuleni akala kipande cha muhogo badala ya chapati na maharage. Sikumwambia "si nilikwambia". Hilo ni gumu kuliko yote, lakini ukilisema tu, hasira yake inahama kutoka kwenye dumu na kuja kwako, na somo limekwisha hapo.

Kuna vitu havitozwi faini: chakula cha nyumbani, kitanda, matibabu, masomo, na salamu yako ya asubuhi. Usimfungie nje. Gharama iwe ndogo, ya siku hiyo, na ihusiane na kosa lenyewe. Kumnyang'anya simu mwezi mzima kwa sababu ya pipa kutamfanya aone dhulma, na dhulma ni kisingizio kipya.

Na usiseme uongo kwa niaba yake. Niliwahi kumwandikia mwalimu kwamba mtoto aliumwa, hali alikuwa amelala tu. Baada ya hapo ningemwambia nini kuhusu ukweli?

Hatua ya 5: Ukweli upate nafuu

Tuliweka kanuni, nikaiandika kwenye karatasi na kuibandika mlangoni mwa kabati: ukilisema mwenyewe kabla sijalijua, utarekebisha ulichoharibu lakini hutafokewa, na hutakumbushwa tena.

Siku chache baadaye nilikuwa napara samaki, akaja akasimama kizingitini. Alikaa pale muda mrefu. "Mama, hela ya tuisheni sikulipa." Ilikuwa shilingi elfu thelathini, ya miezi miwili. Kisu kikaganda mkononi. Nikauliza neno moja tu, iko wapi. "Nilibeti." Timu moja ilimchania mkeka, yaani ilimharibia ubashiri wote. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kubeti, ndiyo maana alitumia simu ya binamu yake.

Nakiri kwamba kila kitu ndani yangu kilitaka kupiga kelele. Zile elfu thelathini nilizidunduliza. Lakini karatasi ilikuwa pale kabatini, na yeye alikuwa anaitazama. Nikamwambia, "Ahsante kwa kuniambia, baba. Utairudisha." Akairudisha: Jumamosi sita kwenye karakana ya mjomba wake ya kuchomelea mageti, elfu tano kila siku, akiokota vyuma na kupiga msasa. Tuisheni nikawa nalipa mwenyewe mkononi mwa mwalimu mpaka deni likaisha. Huyo binamu tukazungumza naye sisi wazazi.

Ukiweka kanuni hii kisha ukaivunja mara moja tu, usitarajie aje tena kizingitini.

Hatua ya 6: Mkabidhi kalamu apige hesabu mwenyewe

Ukweli mwingine haupo kwenye pipa, upo mbele. Mwanangu alikuwa anasema atasoma PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, awe daktari, hali kemia ana F. Nikimwambia atafeli, anasema mimi namvunja moyo. Mwalimu wa malezi akanishauri niache kusema, nimpe kalamu.

Tulikaa na ripoti ya muhula. Katika mtihani wa kidato cha nne A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Huchukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi na kujumlishwa. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33. Alijumlisha mwenyewe: Kiswahili C, masomo matano D, kemia F. Ishirini na nane. Akajumlisha tena. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Hii ni Divisheni Foo?" Nikanyamaza. Akatazama upande wa pili wa karatasi kama vile kuna alama nyingine zimefichwa huko.

Swali langu lilikuwa moja: ni masomo gani matatu unaweza kuyatoa kwenye D na kuyafikisha C, yaani alama 45, kabla ya Novemba ya mwakani? Akachagua biolojia, jiografia na Kiingereza. Udaktari sikuugusa. Ndoto ya mtoto usiichane. Mwache aipime mwenyewe, na uwe na njia nyingine ya kumtajia akiuliza, kama vile vyuo vya ufundi stadi vya VETA au cheti cha afya. Vijana wengi wanaokana hali halisi huona nyuma ya ukweli kuna ukuta. Akiona kuna mlango, hata mdogo, hupunguza kukana.

Hatua ya 7: Wakubwa muwe na kauli moja, na mumpe mtu wa pembeni

Nilipokuwa nakata pesa ya dumu, bibi yake alikuwa anampa shilingi elfu moja kwa siri. Sikumlaumu bibi, nilikaa naye, nikampa shikamoo kwanza na malalamiko baadaye, nikamwomba ampe upendo wote autakao isipokuwa pesa siku za mgao. Baba naye vivyo hivyo. Mzazi mmoja akikaza na mwingine akilegeza, kijana hataona haja ya kubadilika. Atahamia tu upande uliolegea.

Wazee wetu wa pwani hawakumwachia mzazi kazi ya kumfunda mwanawe aliyebalehe. Msichana alikuwa na somo au kungwi, mwanamke wa kumfunda, na mvulana jandoni alikuwa na walezi wake. Si kila kilichofanyika huko ningetaka kirudi, lakini walijua kwamba yapo maneno ambayo mtoto hawezi kuyapokea kutoka kwa aliyemnyonyesha. Mwanangu alimwambia mjomba wake karakanani kwamba anaogopa kufeli kama kaka wa rafiki yake, ambaye sasa anakaa tu kijiweni. Mimi hakuwahi kuniambia neno hilo. Mtafutie mtu wa namna hiyo: mjomba, shangazi, mwalimu wa madrasa, kiongozi wa vijana kanisani, kocha wa timu ya mtaa. Mjue vizuri mtu huyo, ukutane naye mara kwa mara, na usimgeuze mpelelezi wako.

Hatua ya 8: Ukikosea wewe, sema

Mwanzoni nilimchapa. Fimbo ilimfundisha kudanganya kwa ufundi zaidi, basi. Siku nilipomwambia, "Nilikosea kukupiga mbele ya wadogo zako, nisamehe," hakujibu kitu. Alitoka, akaenda kukaa barazani. Lakini ndiyo mara ya kwanza alimwona mtu mzima wa nyumba ile akikubali kosa bila kulizungushia sababu, na sijui angejifunzia wapi kwingine.

Kuhusu muda

Usihesabu siku. Nunua kauntabuku, andika tarehe na jambo moja tu: limefanyika au halijafanyika, na kama amesema mwenyewe. Usimwonyeshe, ni lako, kwa sababu siku mbaya zitakudanganya kwamba hakuna kilichobadilika. Mimi wiki ya kwanza niliandika mara moja kati ya usiku miwili. Wiki ya saba ilikuwa yote miwili. Likizo ya Desemba akarudi nyuma kabisa, tukaanza tena na dumu. Ukifika wiki ya kumi na daftari halionyeshi hata badiliko dogo, rudi Hatua ya 1, ile ya kuangalia kama ni maradhi, uipitie upya, kisha nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri yako na daftari hilo mkononi. Atakusikiliza vizuri zaidi ukiwa na tarehe.